Msemaji wa Filamu ya Kituruki

Mume wangu Baudouin alitimiza miaka hamsini mwezi wa tatu, na kufikia mwezi wa nne alikuwa ameacha kuzungumza. Kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu pale mjini aliwajibu wateja kwa kichwa. Nyumbani, mtaa wa Umbilo, aliangalia ukuta. Jumatano akainua uso kutoka kwenye sahani ya sombe, akasema anataka kurudi kwetu Uvira, peke yake, akajitafute.

"Mtu aliyepotea hajitafuti," nikamwambia. "Anauliza njia. Kula."

Hakula. Nikajua si mchezo.

Jumapili baada ya ibada tukaenda saluni ya Félicité, mtaa wa Albert Park. Siku hiyo hasukwi mtu. Viti hugeuzwa kuelekea televisheni, watu wa kwetu huangalia filamu. Baudouin ndiye msemaji. Kazi hiyo aliianza ujanani kule Uvira, kwenye chumba cha video: filamu inazungumza lugha yake, yeye anasimama kando akiwasemea wote kwa Kiswahili, bwana, bibi, polisi, hata mbwa. Watu walikuja kwa ajili ya sauti yake, filamu ikawa kisingizio.

Félicité alikuwa ameleta ya Kituruki. "Imepata zawadi kubwa huko Ulaya," alijisifu. Yeye hufuata tamthilia za Waturuki, kwa hiyo alitegemea mama mkwe mbaya na sumu kwenye kahawa. Hakujua kwamba filamu za zawadi ni ugonjwa mwingine. Mwanamume mwenye mvi alikaa dirishani akiangalia theluji. Akala supu. Akarudi dirishani.

"Kaka Baudouin, televisheni imekwama?" aliuliza Ezéchiel, muuza viatu.

"Haijakwama. Anafikiri."

"Eish! Afikiri haraka basi, mimi niko na familia."

Watu wakacheka. Lakini msemaji akinyamaza, filamu imekufa. Baudouin akakohoa, akaanza kumsemea yule mtu.

"Nilikuwa na sauti," alisema. "Watu walisimama dirishani kunisikiliza. Sasa nafungua simu za watu, nazifunga. Nikifa kesho, watasema fundi amefunga mapema."

Mimi nina diploma ya ualimu, nasoma Kiingereza, na maneno ya Kiingereza yalikuwa yakipita chini ya picha kila mtu alipozungumza. Sasa hayakuwepo. Yule Mturuki hakuwa amefungua mdomo.

Nikataka kukasirika. Mambo aliyoshindwa kuniambia mezani anawaambia wasusi? Lakini sauti ile ilikuwa ya Uvira, si ile ya kila Jumapili, na sikuwa nimeisikia tangu tufike nchi hii.

Kwenye picha akaingia mke na birika la chai. Baudouin akavuta pumzi amsemee. Nikasimama.

"Huyo namsemea mimi."

"Msemaji ni mmoja, Mama Larissa!" Félicité akalalamika.

"Leo wawili." Nikaikazia macho televisheni. "Mke anasema: fundi akifunga mapema, mimi nitajua kabla ya wateja. Mke anasema: kama ni kurudi, turudi wote. Kama ni kubaki, tubaki wote. Lakini usiniachie mimi huo ukuta niuangalie."

"Mwambie, mama!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Mume anasema," Baudouin akajibu polepole, "alidhani mke hana muda wa kusikiliza."

"Mke anasema hana muda. Mume aseme hivyo hivyo."

Wakacheka tena, mimi sikucheka. Kwa sababu kwenye picha mwanamume alikuwa amesimama. Akavaa koti, akafungua mlango, akatoka kwenye theluji. Wote wakamgeukia Baudouin. Nami pia.

Baudouin alichelewa sana. Yule mtu alishavuka ua.

"Anakwenda kununua mkate," akasema.

Kicheko kikalipuka. Mturuki akazidi kwenda, akawa doa jeusi kwenye weupe.

"Mkate gani huko mbali?" Ezéchiel akauliza.

"Duka la karibu limefungwa."

Filamu ikaishia hapo hapo. Majina yakaanza kupanda, Félicité akatafuta rimoti. Baudouin akamzuia kwa mkono, akaendelea kusema juu ya yale majina ya Kituruki: "Hodi. Mume yuko mlangoni. Miguu imelowa."

Wakanitazama.

"Mke anasema ingia," nikasema. "Na funga mlango, baridi."