Usiniambie Sori

Sokoni kwetu hapa Mbeya, neno linalofanya kazi kuliko sisi wote ni sori. Unapita kwenye kichochoro na ndoo kichwani, unasema sori, watu wanakupisha. Hujasikia mteja kauliza nini, unamrudishia, "Sori?" Huna chenji: sori dada. Nyanya ngumu zimeisha: sori kaka, pita kesho asubuhi. Mtu kafiwa na baba yake mzazi, kwenye grupu zinamiminika sori na vikatuni vya kulia, na waliozituma wapo sebuleni wanakunywa chai, kwenda kukaa msibani hawana habari. Na ukitaka kumkera mwenzako aliyenyang'anywa mteja, unamwambia, "Sori yako!" halafu unamgeuzia mgongo. Mimi mwenyewe naisema kutwa nzima, sijitoi.

Lakini Hanifa alinivua kitenge mbele ya watu, halafu akaniambia sori. Hapo nilikataa.

Mimi naitwa Benedicta. Nauza nyanya na vitunguu. Nyanya zinatoka kwetu Ilula, vitunguu vinatoka Ruaha Mbuyuni. Meza ya Hanifa imegusana na yangu, anauza nazi na viungo. Babu zake ni watu wa pwani, yeye kazaliwa hapa hapa Mbeya, lakini ukimsikia anavyovuta maneno utadhani kashuka leo kwenye basi la Tanga. Tumekaa meza kwa meza miaka mingi. Wanangu wamekula pilau ya Idi kwake, wake wamekula Krismasi kwangu. Nilikuwa namwita shoga, na hilo neno silitoi ovyo.

Siku hiyo, mchana, alikwenda kuswali. Akaniambia, "Benedicta, niangalizie meza, na simu yangu hiyo hapo, imeisha chaji." Nikamwambia nenda. Mara wakaja wateja, kuna mama mmoja wa mgahawa anachagua nyanya moja moja kama anachagua mchumba, nikainama, nikainuka, nikapima. Hanifa aliporudi, simu hakuna.

"Simu yangu iko wapi?"

"Si ipo hapo mezani?"

"Hapo wapi? Benedicta, nilikuachia wewe!"

Nilicheka kwanza, nilidhani utani. Halafu nikamwona uso. Sauti ikapanda, watu wakajaa. Mnajua soko lilivyo, mtu akitaja tu mwizi, hata walioko chooni wanatoka. Akasema nikaguliwe. Nikasema, "Nikague, sina kitu!" kwa hasira, nikidhani ataona aibu aache. Wapi! Alimwaga kikapu changu chini. Akaingiza mkono kwenye mifuko ya aproni. Akafungua fundo la kitenge, kitenge kikadondoka, nikabaki na shimizi, mwanamke mzima mwenye mkwe, nimejikumbatia kifua, na nyanya zangu watu wanazikanyaga. Hakupata kitu. Kijana mmoja alikuwa kanyanyua simu anarekodi, na mimi hata akili ya kumkataza sikuwa nayo.

Alasiri akatokea Makame, mume wa Hanifa, anapiga mluzi. Mkononi kashika simu ya mkewe. Kumbe alipita mchana, akakuta mkewe hayupo, mimi nimeinama kwa mteja, akaichukua kwenda kuichaji kwa kinyozi. Hakumwambia mtu.

Hanifa aliipokea, akaiangalia. Halafu, bila hata kunigeukia vizuri, akasema, "Ah! Sori, shoga. Kumbe Makame." Akarudi kupima bizari.

Nilingoja kidogo, nikidhani yapo mengine yanakuja. Hayakuja.

Sasa ile video ilikuwa na mwanzo, mwisho haikuwa nao. Yule kijana alirekodi mpaka kitenge kilipodondoka, akaandika juu yake "Mwizi wa simu anaswa", akairusha. Makame na mluzi wake hawamo. Kabla jua halijazama nilikuwa nimeshafika Makambako, Mafinga, Iringa mjini mpaka Ilula, bila kupanda basi.

Asubuhi akanipigia kaka yangu Filemoni, anayekaa na mama huko Ilula. "Bene, mama ameonyeshwa video." Kabla sijamjibu nikasikia mama anaichukua simu. Mama yangu haanzi neno bila kamwene; hata nyumba ikiungua, atasalimia kwanza ndipo aombe maji. Siku hiyo hakunisalimia. Aliniuliza, "Bene, uliiba?"

"Mama! Hapana!"

"Haya," akasema. Simu ikakatika.

Jamani, kuvuliwa kitenge niliweza kuvumilia. Swali la mama halikunitoka. Nilikwenda nalo sokoni, nikarudi nalo nyumbani. Nilijiona mchafu kwa jambo ambalo sikulifanya, na sikuwa na wa kumweleza, maana ningeanzaje kumwambia mtu kwamba mama yangu mzazi kaniuliza vile? Filemoni akaniambia mama haendi tena barabarani kuuza nyanya na wenzake, kwenye sala za jumuiya haendi, kutwa yuko jikoni. Anaogopa kutazamwa. Mimi nimefunguliwa kitenge Mbeya, mama anajificha Ilula.

Hanifa naye akaanza kuleta sori kwa kila mlango. Alituma kwenye simu, nikaifuta. Alimtuma Sekela, muuza dagaa: "Hanifa anasema sori." Nikamwambia Sekela aendelee kuuza dagaa. Alileta nazi, akaziweka mezani kwangu, "Hiyo ndiyo sori yangu, shoga, usinune." Nikamrudishia nazi zake. Wenzangu wakaanza kunisema mimi. Mwenzio si kashasema sori? Unataka nini tena? Mkristo gani wewe usiyesamehe? Yaani mtu kavuliwa nguo, halafu mwenye roho mbaya ni yeye!

Siku nilipolipuka, nililipuka. Ilianza pale aliposema, "Benedicta, nimesema sori mpaka nimechoka."

"Usiniambie sori! Sori unampa mteja ukikosa chenji. Sori unamwambia mtu uliyemkanyaga. Mimi ulinikanyaga?"

"Sasa unataka nini? Nipige magoti hapa, wanirekodi na mimi?"

"Magoti yako sina kazi nayo. Twende Ilula. Ukamwambie mama yangu kwa mdomo wako ulinifanya nini, na kwamba sikuiba. Na wale wenzake wa barabarani wasikie."

Hanifa akanyamaza. Hanifa kunyamaza ni habari, mpaka Sekela aliacha kupepea nzi akatutazama. Alikunja mdomo wa gunia la bizari, akaufungua, akaukunja tena. Nilijua atakataa, na nilikuwa nimeshapanga matusi ya kumpa.

"Kesho tuwahi basi la asubuhi," akasema. "Nikilala nalo zaidi ya leo sitakwenda."

Asubuhi tukapanda. Tulikaa kiti kimoja, kila mtu na dirisha lake, yeye la kulia, mimi nikachungulia la kule ng'ambo kwa abiria wengine, ili mradi nisimtazame. Tulipoipita Mafinga ndipo aliposema, taratibu, kama anaongea na mkoba wake.

"Unajua kwa nini nilisema sori tu? Ile nyingine nilikuwa nayo. Nilipoona simu mkononi mwa Makame nilitaka kusema nisamehe, wallahi, ikanikwama hapa kooni. Niliona nikiitoa nitaanguka pale pale kwenye nazi. Sori nyepesi, ikatoka yenyewe."

Nilimsikia vizuri. Bado nilikuwa na hasira, na kusema kweli hasira yangu nilikuwa naipenda. Ndiyo ilikuwa inanifunika.

Tulishuka Ilula mchana. Akina mama walikuwa wanalikimbilia basi na ndoo za nyanya, waliponiona wakapunguza mwendo. Mmoja, Eveline, ambaye nilisoma naye shule ya msingi, akajifanya anapanga upya nyanya zilizokuwa zimepangika. Nilitamani kurudi ndani ya basi nipitilize popote linapokwenda. Hanifa akanishika mkono, mara ya kwanza tangu siku ile, nami nikaacha anishike.

"Akina mama, habari za kazi!" alisema, kwa sauti ile ile ya kuitia wateja. "Mmeiona ile video? Yule mwenye baibui anayemvua mwenzake ni mimi. Simu alikuwa nayo mume wangu. Benedicta hakuiba simu, wala hajawahi kuniibia hata punje ya pilipili manga. Nilimdhulumu. Twendeni kwa mama yake, mnisikie tena huko."

Wakatufuata na ndoo zao. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, alipoona kundi zima linaingia uani akashika kichwa, alidhani tumeleta habari ya msiba. Hanifa hakungoja kiti. Alikaa chini kwenye vumbi na baibui lake safi.

"Mama, nilimvua nguo mwanao mbele ya watu nikamwita mwizi. Hakuiba. Nakuomba unisamehe wewe, na yeye anisamehe."

Halafu akalia, kilio cha sauti. Wanawake wakaguna. Wengine wakatafuta ncha za khanga zao wafute macho.

Nilikuwa naisubiri saa hiyo kwa hamu, na sasa imekuja, tena imekuja kamili. Nikamtazama mama nione uso wake unavyofunguka.

Mama akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Inuka, mwanangu. Mimi nilijua. Tangu siku ya kwanza nilijua. Bene wangu simtilii shaka hata kidogo."

"Tulijua wote, Mama Filemoni!" akadakia Eveline.

Wakapiga vigelegele. Mama alikuwa anauangalia mwiko, hakuniangalia mimi. Ningesema nini? Ningemwambia mbele ya majirani zake, mama, mbona uliniuliza? Nilimeza. Nikaona aibu kwa niaba yake, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko ya kubaki na shimizi, maana ile ya shimizi nilikuwa na mtu wa kumkasirikia. Nilitabasamu na wenzangu. Nikapokea mikono. Nikasema asanteni, asanteni sana.

Walipoondoka, Hanifa alibaki uani ananawa uso, Filemoni anammiminia maji. Mama akaniita jikoni nimsaidie kusonga ugali wa mgeni. Alikuwa kanipa mgongo, mwiko bado kaushika mkono mmoja, anachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Ukuni aliutoa, akaurudisha, akautoa tena.

"Bene."

"Abee, mama."

"Ile siku, kwenye simu."

"Ndiyo, mama."

Mama yangu kanizaa, kanichapa, kaniombea, kaniuzia nyanya barabarani mpaka nikamaliza shule. Kumwomba mtoto wake radhi sijawahi kumsikia, na sijui nyumba yoyote kwetu ambako mzazi amewahi kufanya hivyo. Niliona mabega yake yanapanda na kushuka. Nilijua anataka kusema nini, na nikaanza kuomba Mungu asiseme. Ningemtazamaje mama yangu usoni baada ya hapo?

"Sori, mwanangu," akasema, akiuambia moto.

Hilo neno hakulizoea, lilimtoka vibaya, nusu yake ilibaki mdomoni. Sijui kalichukua kwa wajukuu au kwa abiria wa mabasi. Hanifa nilimrudishia sori yake kila alipoileta, nikampandisha basi mpaka Ilula aje aseme ile nzito mbele ya watu. Mama nilishindwa hata kumgusa bega. Nilipiga magoti nyuma yake, pale kwenye majivu, nikauchukua mwiko mkononi mwake kwa mikono miwili.

"Nimepokea, mama," nikasema.

Hakugeuka. Sikutaka ageuke.