Mpunga Uliokataa Kuisha

Mpunga wa Bibi Mwanne ulichanua asubuhi ya Jumanne, mkwe wake Julieth akiwa ameinama kuziba tundu la panya kwenye tuta la jaruba. Kwa kawaida ua la mpunga ni dogo, hata nyuki halimshughulishi. Maua haya yalikuwa meupe, mapana kama kiganja, na bonde zima likanukia ubwabwa ulioiva. Julieth alimaliza kwanza kuziba tundu, maana maji yalikuwa yanakimbia, ndipo akaenda nyumbani na ua moja mkononi.

"Mpunga umechanua, mama. Ila sioni punje."

"Lete nitazame," akasema Bibi Mwanne.

Ghalani hapakuwa na kitu kingine. Wana wawili wa Julieth walikuwa wanasubiri mavuno hayo, kama walivyosubiri watoto wote wa upande ule wa Ulyankulu.

Mbegu ililetwa na Dionis, mtaalamu kutoka mjini, bure kabisa, kwa sharti kwamba ile ya zamani isibaki kijijini, zisije zikachanganyika. Mbegu ya zamani ya Bibi Mwanne ilikuwa imekaa juu ya meko, kwenye moshi, tangu kwa mama yake. Kutupa chakula ni laana, na mgeni kulala njaa ni aibu. Basi aliitwanga, akachinja jogoo, akampikia Dionis mbegu yenyewe. Majirani nao wakafanya vivyo hivyo. Dionis alikula nyumba kwa nyumba, akisifu mapishi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na hasira inanipanda kila nikikumbuka tulivyosema hivyo siku ile.

Bibi Mwanne alikaa mlangoni akabandua petali za lile ua. Ndani mlikuwa na ua jingine, na ndani ya hilo jingine, wala hayakupungua ukubwa. Jioni petali zilimfika magotini. Keshoye Julieth alilazimika kuzifagia ili apate pa kuweka sufuria. Walijaribu kuzichemsha, zilinukia wali, kisha zikayeyuka zikawa maji.

Habari zilifika mjini. Shifaa, mpambaji wa kumbi kutoka Isevya, alikuja na pikapu akanunua maua ya harusi mbili. Alikuwa muungwana, hakupunja mtu. Lakini kijiji kizima kilikuwa na maua, na wanaooana ni wachache, kwa hiyo haikupita wiki bei ikafa.

Dionis alirudi wakati watu wameanza kuchimba mizizi ya kula. Alimkuta Bibi Mwanne palepale, amekonda, anabandua ua lilelile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu. Leo hatuna cha kukupa."

Dionis alivua viatu, akapita katikati ya petali, akaketi. Akaeleza kwamba ndani ya kila mmea mna maagizo: hili linasema hapa toka ganda, lile linasema hapa toka punje, na la mwisho linasema basi, imetosha.

"Hilo la mwisho ndilo tulilogusa," alisema. "Tulitaka kila ua litoe punje nyingi."

"Na mlijua haya yanaweza kutokea?" akauliza Julieth.

"Kwenye shamba la majaribio yalitokea."

"Lini?"

"Kabla hatujawaletea."

Bibi Mwanne aliangusha petali nyingine. "Kwa hiyo ule wali wangu uliula ukijua."

"Ndiyo, bibi."

"Ulikolea chumvi?"

"Ulikolea."

Akatikisa kichwa, akaendelea kubandua. Alikufa wiki iliyofuata, ua likiwa bado mkononi, na vidole vikawa vigumu kufunguka. Waliomwosha walimwachia Julieth kazi hiyo. Kaburi lilifunikwa maua mpaka udongo haukuonekana, na waliokuja msibani walikunywa maji wakaondoka mapema, kila mmoja akiona aibu kwa niaba ya wenye nyumba.

Dionis naye alikuja kuzika. Aliacha mfuko mpya wa mbegu pembeni ya mkeka.

"Hii tumeirekebisha, dada."

"Nani ameshaivuna?"

"Ninyi ndio mtakuwa wa kwanza."

Julieth alimchukia, na hakujisumbua kuficha. Kisha akaupokea mfuko kwa mikono miwili, kwa sababu mvua zilikuwa karibu na kijiji kizima hakikuwa na mbegu nyingine.

Wageni walipokwisha kuondoka aliketi mlangoni, akaliokota lile ua, akaanza pale mama mkwe alipoishia. Nyumba ilinukia ubwabwa. Mwanawe mdogo akaja na sahani, akauliza kama umeiva.

"Bado kidogo," akasema Julieth.