Gundi ya Ildefons

Msiniulize kama nililia. Sikulia. Mume wangu Ildefons aliugua tumbo, wiki haikuisha tukamzika kibanjani, katikati ya migomba, kama tunavyozikana sisi huku Muleba. Nilisimama pale, mwili mzima ganzi. Wanawake walipiga yowe kwa niaba yangu. Nawashukuru, walijitahidi.

Ildefons alikuwa mwalimu wa sayansi, na kichwani mwake kulikuwa na jambo moja tu: hemiselulosi. Jina gani hilo! Kwangu mimi ilikuwa gundi. Alisema imejificha ndani ya yale magogo ya migomba tunayoyakata tukishavuna ndizi, na anayejua kuitoa atabandika nayo bahasha za nchi nzima. Jiko langu akaligeuza maabara. Aliyekoroga ni mimi, maana sufuria ilikuwa yangu na sikutaka aiunguze.

Ulikuwa mwaka sabini na nne, watu wanahamishiwa kijiji kipya cha ujamaa kule barabarani, Kimwani. Sisi nasi tuliambiwa tuhame. Ila Ndugu Saburi, ofisa wa viwanda vidogo, alimwahidi Ildefons kwamba gundi ikionekana kwa macho, karakana ya kijiji itajengwa kwetu na sisi tutabaki. Isipoonekana, tufunge virago. Basi aliyeahidiwa akafa, na siku ya ofisa kuja ikabaki palepale.

Nilitaka kubaki na kaburi. Hilo tu. Watoto hatukujaliwa, na sikuwa na kingine cha kukaa nacho.

Vipande vya magogo alikuwa ameshavilowesha mwenyewe kwenye maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Nikawasha moto nikavichemsha. Mutalemwa, mdogo wake marehemu, akaja mbio kutoka kwa waombolezaji, akaniita kwa lugha yetu, mke wa Ildefons.

"Muka Ildefons, matanga hatujaondoa, wewe unapika magogo?"

"Napika gundi, shemeji. Kaa huko, moshi utakuumiza macho."

Nikachuja. Nikakamulia ndimu mpaka maji yakaacha kuteleza vidoleni, kama nilivyomwona akifanya. Ikabaki spiriti ya kuikamata gundi itoke majini. Ildefons aliinunua mjini Bukoba. Nikatikisa chupa, tupu. Nyumba nzima ilikuwa na pombe kali ya aina moja: gongo ya ndizi ambayo Mutalemwa aliitafuta kwa taabu, wazee wainywe siku ya kuondoa matanga. Ilikuwa mvunguni mwa kitanda changu.

Nikaimimina yote.

Mama wee, kelele alizopiga! "Hiyo ni pombe ya kaka yangu!"

"Na kazi hii ni ya nani?" nikamuuliza. "Ya baba yangu?"

Akainamia sufuria, maana ndani kitu kilianza kuganda, cheupe, kama maziwa yaliyokatika. Miaka yote ile Ildefons alipata ukungu tu majini. Mimi nilipata bakuli zima. Nilidhani nitafurahi. Nikangoja furaha ije, haikuja. Nikaosha mwiko.

Makapi yaliyobaki sikuyatupa. Kilichotoka kibanjani kinarudi kibanjani, ndivyo tulivyolelewa, la sivyo migomba inakonda. Nikayatandaza juu ya kaburi pamoja na nyasi, miguuni na kichwani, mpaka tuta lote likafunikwa, pakawa tambarare. Msalaba fundi alikuwa hajauleta.

Ndugu Saburi alifika asubuhi yake. Mtu wa Tanga, mpole, viatu vinang'aa. Akanipa pole, akainama kwenye bakuli, akanusa. Akanitazama. Gongo ni haramu na pua alikuwa nayo, lakini akaliacha lipite. Akabandika karatasi mbili, akazivuta, zikagoma kuachana.

"Hongera sana, mama. Huhami. Karakana tunaijenga hapahapa."

Akatoka nje kutafuta mahali. Akapita kwenye migomba akikagua ardhi, kisha akasimama katikati, akakanyagakanyaga kwa kisigino.

"Hapa pazuri. Mmeshapasawazisha."

Alikuwa amesimama juu ya mume wangu. Kwao watu huzikwa makaburini, wote pamoja, angejuaje? Mutalemwa akafungua mdomo. Nikamshika mkono, nikambana hasa.

"Na tukisema pengine, ndugu?" nikauliza. "Kule mwisho?"

"Kule mteremko, mama. Pasipokuwa hapa, itabidi tupeleke kulekule barabarani. Na wewe utatufuata."

Mutalemwa akavuta mkono wake kwa nguvu. Sikumwachia. Nilitazama kile kiatu kinachong'aa kikizama kidogo kwenye makapi.

"Jengeni hapo," nikasema.

Shemeji yangu aliondoka bila kuaga, na mpaka leo hapiti njia hii. Semeni mtakavyo. Wale waliopiga yowe walihama, makaburi ya watu wao yamemea magugu.

Karakana ina sakafu ya saruji, na sufuria kubwa wameiweka katikati. Wenzangu wanaingia na viatu vyao. Mimi huvua kandambili mlangoni, nikaingia peku, nikashika mwiko, nikakoroga. Saruji ni baridi sana asubuhi. Ndicho kitu pekee ninachokihisi, na sitaki kiatu kikae kati yangu na Ildefons.