Picha ya Mama Hiza

Elina alikuwa amenunua ndizi mara ya tatu kwa mama yule yule, na bado hajasema lililomleta.

"Wewe binti," mama alisema huku akimfungia kichana kingine, "ukoo wenu wote unakula ndizi leo, au una jambo?"

Husna, muuza dagaa wa meza ya pili, aliangua kicheko. "Anamtaka mwanao wa kiume huyo. Mwache azoee kwanza."

Elina alilipa, akaondoka. Alikwenda mpaka kwenye bomba la maji, upande wa pili wa soko la Manundu, hapo Korogwe, akaweka mifuko chini na kujikemea kimoyomoyo. Kamera ilikuwa mkobani, imeviringishwa ndani ya khanga ya mama mmoja marehemu.

Kule Handeni aibu yake ilikuwa haimsumbui mtu. Alifanya kazi katika studio ya picha ya Fabiani, karibu na stendi. Watu walikuja kupiga pasipoti, Fabiani akawapokea, akawatania, akawaketisha mbele ya kitambaa cha bluu. Elina alibonyeza tu. Akitaka mtu ainue kidevu, aliinua chake. Akitaka ageuke, alionyesha kwa kidole. "Huyu anapiga picha kama anaiba kuku," Fabiani aliwaambia wateja, nao wakacheka, na Elina naye akacheka nyuma ya kamera, mahali ambapo hakuna aliyemwona.

Halafu akaja Hiza, mkulima wa Kwedizinga. Alikuwa amemzika mama yake, na mama hakuacha picha. Hakupenda kupigwa. Kadi yake ya kura aliifunga kwenye pembe ya khanga miaka yote, jasho likaila sura, kikabaki kivuli chenye masikio mawili. Hiza alikuwa na binti mchanga aliyepewa jina la bibi yake, Tatu.

"Akikua akaniuliza bibi alikuwaje, nimwonyeshe nini? Kaburi?"

Alisema amemwona mwanamke Korogwe, muuza ndizi, uso ule ule wa mama yake. Alisimama mbele yake akalia, na yule mama akadhani ni kichaa, akamfukuza. "Nyie ndio wapiga picha. Nendeni mkanipigie. Khanga ya mama hii hapa, ajifunge."

Fabiani alimgeukia Elina. "Nenda wewe. Mimi nikimnyemelea mke wa mtu na kamera, nitarudi bila meno."

Elina aliitikia kwa kichwa, maana kukataa kulihitaji maneno.

Sasa alikuwa hapa, bombani, na jua linapanda. Alibeba mifuko yake akarudi.

"Shikamoo, mama."

"Umeniamkia tangu asubuhi. Haya, marahaba tena."

Elina akayamwaga yote mara moja, macho chini, hayana mpangilio: khanga, kadi ya kura, mtoto mchanga, kijana aliyelia. Alipomaliza hakuthubutu kuinua kichwa. Mama yule, aliyeitwa Stefania na ambaye aliteremka na ndizi zake kutoka Kwashemshi, alifukuza nzi juu ya ndizi.

"Kwa hiyo yule hakuwa kichaa."

"Hapana, mama."

"Nami nilimtupia ganda. Sasa nikuulize. Akiitazama hiyo picha, atakuwa anamtazama mama yake au mimi?"

"Sijui, mama."

"Nikifa je? Wanangu wakapita huko wakanikuta ukutani, mama wa watu wengine?"

"Sijui."

"Na marehemu mwenyewe? Umesema yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki. Ameridhia?"

"Sijui, mama."

"Unajua nini basi wewe?"

Elina alifikiri. "Najua kupiga picha."

"Kubali, Stefania!" Husna alidakia. "Umepata mtoto mkubwa bila uchungu, unaringa nini?"

Stefania alimsonya, akafuta mikono, akajifunga ile khanga. Alikaa juu ya kreti, akakaza shingo na kulegeza kope.

Elina aliinua kidevu chake kama kawaida. Stefania hakuona, alikuwa anatazama chini. Elina akaonyesha kwa kidole. Hakuona pia. Watu walianza kusimama kutazama, na Fabiani alikuwa mbali.

"Mama, usikae kama aliyekufa," Elina alisema. "Kaa kama aliye hai. Inua kidevu. Nitazame mimi. Siyo kamera, mimi."

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyopanga. Mpaka Husna aligeuka. Stefania akainua macho, yakiwa bado na yale maswali aliyouliza, na Elina akabonyeza.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Na mimi! Nipige na mimi! Alikuja fundi cherehani na futi shingoni, akaja mzee wa mkaa, wakaja mabinti wawili wauza nyanya walioshikana viuno. Elina aliwapiga wote, watu asiowajua hata majina. "Kofia vua, mzee. Wewe dada usicheke kwanza. Ngoja. Haya, cheka." Walimtii. Katika safari ya kurudi alikaa dirishani na ndizi zake magotini, akijiuliza yule aliyekuwa anaamrisha watu sokoni alikuwa nani, na kama kesho atakuwepo.

Hiza alikuja studio na shati lililopigwa pasi. Fabiani alimkabidhi picha iliyokwisha kuwekwa kwenye fremu.

"Ndiye," Hiza alisema. Macho yakamjaa. Halafu akasema, "Subiri." Aliipeleka kwenye mwanga wa mlangoni. Akafumba macho, akafumbua, akafumba tena.

"Dada, umefanya nini?"

Elina hakuelewa.

"Nilikuwa nikifumba macho namwona. Alikuwa na kitu hapa," akagusa shavu, "kila akiniita, hapa panafanya hivi... Sasa nikifumba namwona huyu wako. Amemfunika. Mama ameondoka."

"Utazoea, kaka," Fabiani alisema kwa upole. "Picha ndivyo zilivyo."

"Sitaki kuzoea!"

Elina aliitazama fremu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na hilo lilizidi kumchanganya. Hakujua kama anapaswa kuomba radhi, wala amwombe nani: huyu aliyesimama mlangoni, au Stefania, au yule aliye chini ya udongo wa Kwedizinga. Fabiani alikuwa anakohoa, tayari kusema kwa niaba yake. Mkono wa Hiza ulikuwa bado shavuni, na pembeni ya kidole palikuwa na kishimo kidogo, kama cha mama aliyekuwa akimweleza. Au labda kilikuwa kivuli.

"Kaka Hiza," Elina alisema, "kaa."

"Nikae nifanye nini?"

"Sijui. Kaa hapo."

Fabiani aliharakisha kuwasha taa. "Izime, bosi," Elina alimwambia. "Na unyamaze kidogo, tafadhali."

Fabiani alizima, akarudi nyuma mdomo wazi. Hiza alikaa kwenye kiti cha pasipoti, fremu imelala kifudifudi mapajani. Elina alikivuta kile kitambaa cha bluu kikaanguka, ukabaki ukuta.

"Nitazame. Sasa jiite."

"Nijiite?"

"Jina lako. Kama alivyokuwa akikuita yeye. Alikuitaje, ukiwa shambani, ukiwa mbali?"

Hiza alimtazama kama mtu anayeambiwa jambo la kipuuzi. Nje basi lilipiga honi, likaondoka. Alilowesha midomo, akavuta pumzi, na upande mmoja wa shavu ukaanza kujikunja. Elina alikuwa ameshaweka jicho kwenye kamera na kidole juu ya kitufe, akisubiri, asijue ni nani atakayetokea.