Pikipiki Mbili za Liévin

Basi la kampuni lilipoacha kupita mtaa wa Bel-Air, wafanyakazi walilalamika wiki nzima, wakatukana mpaka koo zikakauka. Clément hakulalamika. Alisoma tangazo lililobandikwa langoni, akalisoma tena, akaenda kupima sampuli zake za mawe kama kawaida. Ndivyo alivyokuwa tangu azikwe mkewe, Keren, miezi minane iliyopita. Mambo yalimjia, yakabisha hodi, yakakuta mwenyewe hayupo.

Nyumbani aliishi peke yake. Binti yake Exaucée, wa miaka tisa, alikuwa mtaa wa Hewa Bora kwa Mama Chama, mama yake Keren, bibi aliyemwita kambo, na hapo ndipo palipokuwa na fundo. Jumamosi iliyopita matanga yalianuliwa: watu walikula, wakaimba, wakavua nguo nyeusi. Sasa mtoto alipaswa kurudi kwa baba yake. Kwa kina Clément, watu wa reli kutoka Kongolo, matanga yakiisha ni ndugu wa marehemu wanaomleta mtoto, mkono kwa mkono, mpaka mlangoni. Kwa kina Mama Chama ni kinyume: baba huja mwenyewe, bila kutuma mtu, na asipokuja maana yake mtoto hamtaki. Kila upande ulijua desturi yake tu, ukadhani ni ya dunia nzima. Basi Clément akangoja hodi Bel-Air, na Mama Chama akangoja hodi Hewa Bora.

Utasema watu wazima wawili wangeweza kuulizana. Wangeweza, kama si mambo ya ukwe. Mwanamume hamtazami usoni mama wa mkewe, wala hasemi naye moja kwa moja. Maneno hupitia kwa mtu wa tatu. Miaka kumi na moja mtu huyo alikuwa Keren. Alipokufa, watu waligawana vyombo vyake, vitenge vyake, hata viatu vyake, lakini hiyo kazi yake hakuna aliyeichukua.

Na kuna jambo jingine, nalisema mimi kwa sababu yeye hangelisema. Clément aliogopa. Aliogopa mtoto atakuja, atamkumbatia, naye asisikie kitu.

Maabara ya kampuni, alikofanya kazi, ilikuwa kilomita ishirini na mbili nje ya mji, kwenye barabara ya Likasi. Manseba, wale vijana wa teksi za pikipiki, wangempeleka, lakini kila asubuhi wangeuliza habari za nyumbani, na yeye habari hakuwa nazo. Akaamua kununua pikipiki yake. Kusema "akaamua" ni kumpa heshima tu. Ukweli ni kwamba Jumanne, baada ya kazi, miguu ilimfikisha kwenye bohari ya Liévin, naye hakubishana nayo.

Liévin alikuwa mfanyabiashara, mtoto wa watu wa Kasai, mwenye mdomo usiolala. Siku hiyo alikuwa na pikipiki kubwa mbili tu, zote zilizotumika, zimesimama bega kwa bega kwenye kivuli cha bati.

"Papa Clément, karibu! Hii, ni custom," alisema, akipiga tangi la ile ya kwanza. "Iko chini. Unaikala, mikulu yote mbili inafika ku udongo. Mpini iko mupana, inalia muzuri, hata polisi anageukaka kuiangalia."

Ilikuwa nyeusi, nzito, imelala kama ng'ombe aliyeshiba. Mwenye nayo wa kwanza alikuwa ameng'oa kiti cha nyuma. Palibaki tandiko moja la ngozi, na nyuma yake bati jeusi la kukinga tope.

"Na hii ingine, ni routière. Njo ya muntu wa safari. Iko na kioo ya mupepo, vumbi ya bakamion haikufikie. Kiti iko murefu, mwenye iko nyuma anaikala sawa mu salon. Na hizi masanduku mbili za pembeni, unatia makaratasi ya kazi, unatia na mukate."

"Gani iko muzuri ya kuenda ku kazi na kurudia?" Clément aliuliza.

"Kila siku? Ile barabara ya Likasi? Routière, papa, bila kubishana. Ile custom inakwaruzaka tumbo ku dos d'âne, ile matuta ya barabara, na mupepo yote ni ya kifua yako. Mvua je? Miye niko commerçant, lakini siko mwizi."

Clément akaipanda ile ya safari. Ilikuwa ndefu, akagusa ardhi kwa ncha za viatu. Alishika mpini, akatazama mbele kupitia kioo, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Liévin alikuwa amesema kweli. Nyuma ya mgongo wake kiti kiliendelea, kipana, kitupu, kina egemeo dogo la kuzuia mtu asirudi nyuma.

"Utabebaka nani?" Liévin aliuliza, ili tu maneno yasikatike.

"Hakuna."

"Hata mutoto?"

"Mutoto iko kwa kambo yake."

"Lakini atarudia."

"Kama banamuleta."

Clément akashuka. Akaenda akakalia ile custom. Miguu yake ilifika chini yote miwili. Nyuma yake hapakuwa na mahali pa kuulizia mtu.

"Hii," akasema.

"Papa Clément..."

"Hii."

Watu huchagua pikipiki kwa ajili ya injini, au kwa ajili ya jirani atakayeiona ikiingia uani. Huyu alichagua ile isiyomuuliza kitu. Usimcheke. Hela alikuwa nayo, akili alikuwa nayo, ila kilichomkatia shauri siku hiyo si hela wala akili.

Jumatano asubuhi alitoka nayo kwenda kazini. Upepo ulimkaa kifuani tangu alipoacha nyumba za mwisho za mji. Malori ya madini yalimpita moja baada ya jingine, yakamwachia vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Kwenye tuta la kwanza tumbo la pikipiki lilikwaruza, kwenye la pili likakwaruza zaidi. Alifika mgongo umekakamaa, shati jeupe limegeuka rangi ya matofali. Alijua kwamba amechagua vibaya. Alijua hivyo kama mtu anavyojua leo ni Jumatano. Alhamisi ilikuwa vilevile.

Ijumaa mchana alirudi kwa Liévin kuchukua karatasi za pikipiki. Liévin alimpa bahasha, lakini hakuiachia.

"Papa Clément, unisamehe. Jana niliambia muke yangu ile maneno ulisema, eti banamuleta. Muke yangu iko muntu wa kwabo na Mama Chama. Akanitukana juu sikukuambia. Anasema, kwabo habaletake mutoto. Papa yake njo anaendaka, yeye mwenyewe. Haukuenda, banasema ulimukataa."

Clément alisimama na mkono wake kwenye bahasha, akahesabu siku kurudi nyuma mpaka Jumamosi, siku ya posho.

"Tangu siku ya posho?"

"Tangu siku ya posho. Leo njo siku ya sita."

Hakuaga. Aliwasha pikipiki, akaelekea Hewa Bora moja kwa moja. Njiani alijaribu kusikia kitu, kama mtu anavyojaribu jino kwa ulimi baada ya sindano ya ganzi. Hakusikia kitu.

Mama Chama alikuwa uani, kwenye kigoda, akichambua matembele kwa chakula cha jioni. Aliposikia mngurumo na kumwona anayeshuka langoni, aligeuza kigoda chake akatazama ukuta. Ndiyo adabu. Clément naye akainamisha macho, akasimama palepale langoni. Exaucée alitoka ndani na sare yake ya shule, akasimama katikati yao. Hakumkimbilia.

"Exaucée," bibi aliuambia ukuta, "uliza papa yako, anatafuta nini."

"Papa, kambo anauliza unatafuta nini."

"Ambia kambo, nilikuya kubeba mutoto wangu."

"Kambo, papa anasema alikuya kunibeba."

Mikono ya Mama Chama iliacha majani.

"Muambie, tulimungoya tangu siku ya posho. Tulipika. Muzigo yako, weye Exaucée, iko ku mulango tangu ile siku, kila magaribi unauliza kama tuifungule."

Clément aliyasikia yote kwa masikio yake, lakini alingoja mtoto ayarudie. Exaucée aliyarudia bila kuruka neno, hata lile la mzigo. Sauti yake ilikuwa ya Keren, nyembamba mwanzoni, nzito mwishoni.

"Ambia kambo, na miye nilikuwa nangoya," Clément alisema. "Kwetu, beye njo banaletaka mutoto. Miye nilizani habataki kunirudishia."

Exaucée alifikisha. Mama Chama akasema "Yo!" kwa sauti ndogo, akajipiga paja mara moja. Hapakuwa na cha kubishania tena.

"Basi, leta muzigo," alimwambia mjukuu.

Mtoto aliingia, akatoka na mfuko wa plastiki wenye miraba, umefungwa kwa kamba, mzito kuliko yeye. Alikataa kusaidiwa. Aliuburuta mpaka kwenye pikipiki, akauweka chini, akaizunguka. Akaizunguka mara ya pili. Akaweka kiganja juu ya bati jeusi nyuma ya tandiko, likamchoma kwa joto la jua, akaondoa mkono.

"Papa, miye nitaikala wapi?"

Clément akatazama mahali alipoonyesha.

"Ulinunua ya muntu moja," Exaucée alisema. Hakumlaumu. Alisema alichokiona.

Angeweza kumdanganya. Angeweza kusema kiti kinakuja kesho. Alifungua mdomo aseme hivyo, na hapo ikamuuma. Ilimuuma kifuani, kooni, kwenye meno. Miezi minane yote kwa pamoja, Keren na siku sita hizi juu yake. Alishika nguzo ya lango asianguke. Mwanamume halii mbele ya mama mkwe wake, hiyo ni aibu kuliko hata kumtazama usoni, naye akaziba mdomo kwa mkono wenye vumbi na kuvuta pumzi kama mtu aliyebeba gunia.

Mama Chama alikuwa bado anautazama ukuta. Masikio yake yalikuwa mazima.

"Exaucée, muambie papa yako alie kwanza."

Mtoto alimsogelea baba yake, akamshika mkono wa shati, akafikisha maneno kama alivyofikisha yote mengine.

"Papa, kambo anasema ulie kwanza."