Neno "Sumu" Katika Daftari la Generose

Juzi Generose aliandika neno moja tu, "sumu", na leo anaogopa kulisoma. Yeye ndiye mhudumu wa afya wa mtaa huku Kalundu, anayeandika daftarini kila aliyekufa na kilichomuua. Sévère, mbeba mizigo wa bandarini, alipofariki, ndugu zake walisema mkewe kamlisha sumu. Naye Generose, jamani, akaandika hivyo hivyo, bila kuuliza swali hata moja!

Sasa mdogo wa marehemu, Ildephonse, alikuwa amesimama katikati ya kilio, akilinyooshea daftari lile kidole. "Soma, mama Generose! Watu wasikie. Huyu mwanamuke akibaki hapa leo, tutamuua."

Kankindi, mjane wa marehemu, alikaa mkekani bila kuinua kichwa. Wanaume wawili nyuma yake walishaokota mawe.

"Kwanza unijibu," Generose alimwambia. Akatoa fomu mpya ya kituo cha afya, yenye maswali aliyopaswa kuyauliza tangu juzi. "Marehemu alihara namna gani?"

"Maji matupu," Ildephonse akajibu, "meupe sawa maji ya muchele. Akatapika, akakauka siku moja tu."

"Mulikunywa maji gani?"

"Ya ziwa, pale bandarini. Minye na yeye, tulichota na bidoni moja."

Generose akamtazama Ildephonse vizuri. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka. Mungu wangu! "Na weye, leo umeenda choo mara ngapi?"

Watu waliokuwa karibu naye wakarudi nyuma.

"Tano," Ildephonse akasema, akakaa chini.

"Iko kolera, baba. Ndiyo ilimuua kaka yako. Mutupe hayo mawe, mutafute pikipiki!" Generose akalikata neno lile daftarini mbele ya wote, akachana pakiti ya dawa ya chumvi na sukari, lakini kwa haraka unga ukamwagika.

Kankindi akainuka. Akaichukua pakiti, akakoroga dawa katika kikombe cha maji yaliyochemshwa, akampelekea shemeji yake. Ildephonse akakitazama kikombe, akafunga mdomo.

Huku, anayekupa kinywaji huonja kwanza, ili uone hakuna kitu ndani. Kankindi akanywa funda moja, wote wakimwangalia, kisha akamshika Ildephonse kisogo kama anayemnywesha mtoto.

"Kunywa," akamwambia. "Minye nimeshazika mumoja."

Ildephonse akanywa, akaomba kingine.