Mhudumu Asiyepunguza Neno

Tangazo lilibandikwa kwenye kioo cha duka lililokuwa la matairi, pale Umbilo Road, jijini Durban. Lilisema mkahawa mpya unatafuta wahudumu wanaojua lugha tatu au zaidi. Marie-Louise alilisoma mara mbili, akarudi nyumbani, akamwambia mumewe avae shati jeupe.

Mumewe, Gustave, alijua lugha nane. Kwa miaka kumi na saba alikuwa mkalimani wa mahakama huko Uvira, Kongo. Miaka tisa iliyofuata alilinda magari nje ya maduka ya Morningside, kazi ambayo neno "sharp", yaani sawa, linatosha kutwa nzima.

Mwenye mkahawa, Thaakira, alikuwa mzaliwa wa Durban, mjukuu wa Wazanzibari wa mtaa wa Bluff. Kiswahili chake alikiokota kwa wapangaji Wakongo, naye alikizungumza kwa kasi ya mtu asiyeogopa makosa.

"Papa Gustave, sema kitu kwa Kizulu," alimwambia siku ya usaili.

"Kitu gani, Mama?"

"Chochote."

Gustave akafikiri. Hakuwa mtu wa kusema chochote. Maneno ya maisha yake yalikuwa ya watu wengine. Yeye aliyapokea upande huu akayafikisha upande ule.

"Nipe maneno yako," akasema mwishowe. "Nitayapitisha."

Thaakira akakohoa, akasema, "Karibuni, chakula iko tayari, ila samaki bado."

Gustave akayasema katika lugha saba zilizobaki, na kila mara alikohoa kwanza. Akapewa kazi hapohapo.

Mpishi aliitwa Nimbona, Mrundi wa Rumonge, mwenye mikono myepesi na uso uliofungwa kama duka siku ya Jumapili. Siku ya tatu tangu mkahawa ufunguliwe, akina mama wawili walikula maharagwe kwenye meza ya dirishani. Gustave alipowauliza kama chakula ni kizuri, walijibu, "Bien sana, Papa." Alipogeuka, wakasemezana Kirundi. Thaakira alikuwa amemwagiza kwamba wateja wakinong'ona lolote juu ya chakula, jikoni wajue. Basi akaenda jikoni.

"Meza ya dirishani, mama wa kushoto," akaripoti, mikono nyuma. "'Maharagwe haya yamepikwa na mtu mwenye hasira.' Mama wa kulia: 'Na hasira yenyewe haina chumvi.'"

Nimbona akaonja. Akatia chumvi.

Kesho yake wali ulikuwa "wa wafungwa". Keshokutwa yake sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, lilikuwa "limetwangwa na mtu anayewahi taxi". Gustave hakuongeza, hakupunguza. Hata vicheko alivifikisha: "Hapo walicheka, kidogo, kwa pua." Wiki ya pili Nimbona akaacha kumsalimia.

Thaakira akamwita kando. "Eish, Papa. Unaniulia mpishi. Si ulainishe kidogo?"

"Nililainisha mara moja," Gustave akasema. "Ilikuwa kesi ya shamba. Mjane mmoja alisema shemeji yake alimtoa kwa fimbo. Nilimwonea haya, watu walikuwa wengi. Nikamwambia hakimu: 'Shemeji alimwomba aondoke.' Hakimu akaandika kwamba aliondoka kwa hiari. Shamba likaenda. Toka siku ile, Mama, maneno ya mtu sigusi."

Thaakira akaenda kupanga vikombe.

Wiki ya tatu, asubuhi moja kabla ya wateja, Thaakira aliingia jikoni kusema kwamba sombe lina mchanga. Nimbona akaweka mwiko chini. Akaanza kusema Kirundi, taratibu kwanza, kisha mfululizo, akimkazia macho. Kiswahili alikijua vizuri sana. Siku hiyo hakukitaka.

"Anasema nini?" Thaakira akauliza.

Nimbona akamgeukia Gustave na kumwambia jambo fupi.

"'Usimwambie, Mzee,'" Gustave akafasiri.

Kisha akasimama katikati yao kama alivyosimama mahakamani, akayasema yote kwa nafsi ya kwanza, maana ndiyo kanuni ya kazi ile.

"Wewe mwanamke hujaosha sufuria hata moja tangu uzaliwe. Unanusa chakula changu kama polisi. Mchanga, mchanga. Mimi sioni mchanga, sioni kitu. Mama yangu alikufa Jumatatu ileile tuliyofungua mlango. Wamemzika bila mimi. Na toka siku ile vitunguu vyote nakata mwenyewe, ili mtu asiniulize habari ya macho."

Friji ikanguruma.

"Pole sana, Papa Gustave," Thaakira akasema, mkono kifuani. "Sikujua una msiba."

"Si mama yangu. Wangu alikufa zamani. Ni wake. Mimi napitisha tu."

Thaakira akamgeukia mpishi, kisha akamrudia mkalimani. "Mwambie pole. Mwambie habari ya sufuria ni kweli."

Gustave akamwambia kwa Kirundi. Nimbona, ambaye alikuwa ameshasikia yote kwa Kiswahili, alingoja tafsiri ifike mwisho, ndipo akaketi juu ya gunia la mchele akalia.

Mkahawa ulifungwa siku tatu. Gustave alibandika mlangoni karatasi ya kuutangaza msiba katika lugha nane, na watu wakaisoma wakauliza ni wapi. Chumba cha Nimbona, karibu na robot ya pili, zile taa za barabarani, kilijaa mpaka ngazini. Wengi walikuwa hawamjui. Walikuwa wamekula kwake tu.

Thaakira alikaa mkekani. Nimbona aliwasimulia habari za mama yake kwa Kirundi, naye Gustave akazipitisha sikioni mwa Thaakira, sauti ya chini. "Mama yangu aliuza mawese sokoni. Aliniita 'mkubwa wangu', nami ndiye kitindamimba. Siku naondoka alinisindikiza mpaka barabara kuu, akasimama..."

Gustave akanyamaza.

"Anasema nini?" Thaakira akanong'ona.

"Ngoja kidogo, Mama." Alikuwa akitafuta kitambaa, mfuko wa kwanza, mfuko wa pili.

Nimbona alimwona. Akahamia Kiswahili, akamalizia mwenyewe. "Alikataa kunipungia mkono. Alisema nikigeuka kumtazama, nitabaki."

Thaakira akachukua birika, akammiminia Gustave chai.